Kulala Kambini Kabla ya Hema

Orodha iko mezani. Ameiandika mjukuu wangu aliye kidato cha tatu, kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la hesabu: mahema 2 ya kuazima, turubai, magodoro 5, jiko la gesi na mtungi mdogo, madumu 6 ya maji, tochi, kamba, jembe, vyandarua, sufuria, viberiti. Gari ni Coaster ya mdogo wangu. Amekubali kung'oa viti vya nyuma ili nitandikiwe humo humo, kwa kuwa magoti yangu hayawezi tena kulala chini. Tutaondoka Bariadi alfajiri, mwezi wa 7, pamba ikiwa imeshauzwa. Tutashika lami kupitia Dutwa hadi Lamadi, kilomita 70 na kidogo, tupige kambi ufukweni mwa Ghuba ya Speke usiku 3. Siku ya pili tutaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, maana majira hayo nyumbu huwa bado wako upande huu wa magharibi, kisha turudi ziwani kabla ya giza.

Niliposoma orodha nikaona pengo. Nikamwuliza, chumvi iko wapi? Akanijibu, "Bibi, si ipo dukani Lamadi?" Ipo, tena ya kila aina. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni usiku kucha, kwa sababu katika ukoo wetu kambi ilianza na chumvi, na mtoto huyu hajui.

Nimefundisha historia miaka 31. Vitabu tulivyofundishia vilieleza misafara kwa mkao mmoja tu: mgeni amekuja na mizigo, mwenyeji ameibeba. Kambi kwenye picha ni hema jeupe, kiti cha kukunja mbele yake, na watu weusi wamechuchumaa pembeni kabisa mwa picha. Mtu wa Maswa au Meatu akipanga safari yake mwenyewe, kwa haja yake mwenyewe, akilala porini usiku baada ya usiku mpaka afike ziwani na kurudi, huyo sikumkuta kwenye kitabu chochote cha shule. Nami nilijua yupo. Babu yangu mzaa baba, ambaye kwa Kisukuma tulimwita Guku, alikwenda mara tatu.

Ziwa lake halikuwa hili la samaki. Lilikuwa Eyasi.

Anayetazama ramani ataliona mashariki ya Meatu, ndani ya Bonde la Ufa, limelala kusini magharibi hadi kaskazini mashariki. Mto Sibiti huingia humo, na hakuna mto unaotoka. Maji yakishaingia hayana njia nyingine ila kupanda juu kwa jua. Kiangazi kikikaza ziwa hurudi nyuma, na pale lilipokuwa panabaki tabaka jeupe la chumvi na magadi. Sisi huku tuna Nyanza yenye maji matamu, yenye sato na dagaa na furu, lakini maji matamu hayatoi chumvi. Ndiyo maana watu wa Usukuma, hasa wa mashariki, walikuwa wakifunga safari kwenda kuikwangua huko. Jambo hili halikuwa siri ya ukoo. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya H. S. Senior kuhusu misafara ya chumvi ya Wasukuma kwenda Ziwa Eyasi. Nilipojua kwamba makala hiyo ipo nilikuwa nimeshafundisha miaka mingi, na nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Guku alikuwa ameshafariki, 1986, na mengi niliyopaswa kumwuliza sikuyauliza.

Haya ndiyo niliyoyapata kwake, jioni, kwenye shikome. Asiyejua shikome ajue kuwa ni moto wa nje wa nyumba ya Msukuma, moto wa samadi kavu unaofuka polepole, ambapo wazee na vijana hukaa baada ya mifugo kuingia zizini. Mimi mtoto wa kike nilikuwa naruhusiwa kukaa hapo kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimletea Guku kaa la kiko chake.

Safari haikuanza siku ya kuondoka. Ilianza wakati wa kuvuna viazi. Wanawake walivimenya, wakavikata vipande vyembamba, wakavianika juu ya mawe mpaka vikawa michembe, mikavu inayolia ikigongana. Vingine vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa, ambayo mtu hutafuna akitembea bila kupika. Yakaanikwa pia majani ya kunde, nsansa, ya kutowelea. Chakula hiki ndicho kilichoamua urefu wa safari. Guku alikuwa na namna ya kusema: "Hatukuhesabu njia, tulihesabu mdomo." Kutoka kwao, upande wa Itilima ya leo, walikwenda siku 7. Ziwani walikaa siku 2, au 3 kama chumvi ilikuwa nyembamba. Kurudi kulichukua siku 9, kwa sababu ya uzito.

Hesabu ya siku 19 kwa mtu mmoja, ikiwekwa yote kichwani, haiachi nafasi ya kubeba kitu kingine. Hapo ndipo palipokuwa na akili ya kupanga ambayo mpaka leo inanistaajabisha. Kila kambi ya kwendea waliacha furushi. Walilifunga kwa ngozi, wakalitundika juu mtini mahali fisi hafiki, likingoja kurudi kwao. Kwa hiyo mzigo wa kwenda ulipungua siku hadi siku, na walipofika ziwani mabega yalikuwa matupu, tayari kwa chumvi. Kurudi, kila walipofika kambi ya kwendea walikuta chakula kimewatangulia. Nilimwuliza Guku, na mtu mwingine akilikuta akilichukua je? Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama jua linaweza kuibwa. Akasema furushi lililo mtini kila mtu anajua ni la mtu aliyeko chumvini.

Kambi yenyewe haikuwa na hema. Walichagua mahali pasipo nyasi ndefu, karibu na maji ila si kwenye maji, maana penye maji usiku wenye nyumba yao huja kunywa. Walikata matawi ya migunga wakayavuta shina likiwa ndani na miiba nje, duara zima, na mlango wakauziba kwa tawi la mwisho baada ya kuhesabiana. Moto mkubwa ulikaa katikati. Walilala miguu ikielekea motoni, vichwa nje, silaha mkono wa kulia. Aliyekwenda mara ya kwanza alikuwa mtu wa kuni na maji, na hakulala zamu ya kwanza. Kupiga mluzi usiku kulikatazwa. Simba hakutajwa kwa jina lake.

Njiani walipita katika nchi ya watu wengine, na hili nalo lilipangwa. Walikuwepo Wataturu na ng'ombe wao. Walikuwepo Wahadzabe, ambao hata sasa baadhi yao wako Meatu, wakiishi kwa mawindo, mizizi na asali. Guku alisema mtu mwenye akili hakwenda Eyasi bila tumbaku. Tumbaku na vipande vya chuma vya kufulia mishale vilikuwa salamu, na kwa salamu hiyo walipata asali, nyama, na jambo kubwa zaidi, kuonyeshwa ni kisima kipi bado kina maji mwaka ule. Ninapowaona wajukuu wangu wakitafuta njia kwenye simu namkumbuka yule Mhadzabe ambaye Guku hakuwahi kulijua jina lake, aliyenyoosha mkono kuelekea kwenye miti fulani, nao wakaishi.

Alizungumza kidogo tu kuhusu ziwa lenyewe. Alisema weupe wake unaumiza macho, harufu yake inakaa kwenye nguo, na ukikanyaga mahali pasipofaa unazama mpaka gotini kwenye tope la moto. Walikwangua asubuhi na jioni, mchana wakajificha kivulini. Chumvi ya safari ya kwanza iliishia nyumbani na kwa wakwe. Kwa chumvi ya safari ya pili alipata mtamba wake wa kwanza, na kizazi cha mtamba yule ndicho kilicholipa mahari ya bibi yangu. Safari ya tatu ilikuwa 1939. Hakwenda tena. Reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, na chumvi ya gunia, pamoja na ile ya Uvinza iliyosafiri kwa reli ya Kigoma, ilikuwa inauzwa na maduka kwa bei ambayo siku 19 za miguu haziwezi kushindana nayo. Misafara haikupigwa marufuku na mtu. Ilikufa dukani, kimya kimya, na hakuna aliyeona kuwa kuna kitu kimekufa.

Sasa nije kwa wageni, kwa kuwa nao walipiga kambi zao huku, na kambi zao ndizo zilizoandikwa.

Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na mashua. Iliitwa Lady Alice, ilikuwa na urefu wa futi 40, nayo ilikuwa imekatwa vipande ili ibebwe na watu. Walipitia Ugogo, Ituru ambako walipigana, Iramba, wakaingia Usukuma, na tarehe 27 Februari 1875, baada ya zaidi ya siku 100, wakafika Kagehyi kwenye ufuko wa ghuba ambayo Stanley aliipa jina la Speke. Vipande vya mashua vikaunganishwa, na tarehe 8 Machi akaanza kulizunguka ziwa. Katika kitabu chake ameuandika mto wetu wa Simiyu kama Shimeeyu, akauhesabu kuwa ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile upande wa kusini. Alikosea, lakini mto ule ule ndio ulioupa mkoa huu jina mwaka 2012.

Darasani nilipenda kuwasimamisha wanafunzi kwenye ile mashua. Niliwaambia wafikirie kipande kimoja cha mbao za mwerezi, kizito kuliko mtu, kikipita kwenye kichaka cha miiba, mbele mtu mmoja na nyuma mwingine. Sisi tunajua jina la aliyelala ndani ya hema. Mabega yaliyoleta chombo ziwani hatuyajui, ila machache. Na wapagazi wale, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, hawakuwa mabega tu. Kazi ile ilikuwa na ufundi wake, na maneno yake tunayo mdomoni mpaka leo: kirangozi aliyetangulia msafara, mnyapara aliyesimamia, posho iliyopimwa kwa kibaba, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Mjukuu wangu akiomba posho ya shule anatumia neno la msafara.

Mwaka 1892 alikuja Oscar Baumann, Mwaustria, kwa kazi ya Wajerumani. Aliondoka Tanga mwezi Januari, Machi akawa Ngorongoro, kisha akakatiza Serengeti mpaka Ghuba ya Speke. Ulikuwa mwaka wa taabu kuu: sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, na Baumann aliwakuta Wamasai waliokondeana kwa njaa kiasi cha kutisha. Katika safari hiyo ndiyo Eyasi ikaingia kwenye ramani za Ulaya. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kijana wa Mwanhuzi, "Mwalimu, kama aligundua 1892, mababu zetu walikuwa wanachukua chumvi wapi?" Nilimpa alama zote za swali lile na za jingine ambalo hakulijibu.

Magari yalipokuja, kambi ikabadilika. Miaka ya 1920 wawindaji walianza kuingia nyanda za Serengeti kwa motokaa kutoka Nairobi, wakiwapiga simba risasi wakiwa wameketi garini. Hata baadhi ya wenzao waliona aibu. Denys Finch Hatton, mwenyewe mwindaji wa kulipwa, aliandika katika gazeti la The Times la London mwaka 1929 kulaani mauaji yale. Mwaka huo huo sehemu ya Serengeti ikafanywa pori la akiba. Mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya, Ngorongoro ikatengwa. Mwaka 1962 likatangazwa Pori la Akiba la Maswa, kusini magharibi mwa hifadhi. Kila tarehe katika hizi ina sababu yake na mimi siipingi hata moja kwa jumla, kwani bila hizo nisingekuwa na nyumbu wa kuwaonyesha wajukuu. Lakini kila tarehe ni mstari, na mistari ile ilipita juu ya njia za watu. Njia za chumvi hazikuandikwa popote, kwa hiyo mchora mstari hakuwa na haja ya kuuliza zinaelekea wapi.

Baba yangu alizaliwa 1941. Alipata kazi ya utingo kwenye lori la kambi za uwindaji ndani ya Pori la Maswa, akapanda mpaka akawa dereva. Kutoka kwake nilijifunza upande wa pili wa kambi, ule wa gari. Lori lilitangulia siku 2 kabla ya wageni. Kazi yao ilikuwa kufanya mgeni akishuka akute moto unawaka, maji ya kuoga yana moto kwenye ndoo iliyotundikwa mtini, na mkate umeiva. Mkate uliokwa kwenye debe, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na baba alisema mpishi wao, Mngoni mmoja, hakuwahi kuuunguza.

Kanuni yake ya kupakia aliirudia mpaka ikawa kama methali ya nyumbani: cha usiku hupakiwa mwisho. Mapipa ya maji na ya petroli kwanza, mbele karibu na kichwa cha lori, yafungwe yasigongane. Kisha unga, mchele, maboksi. Kisha vitanda na meza. Juu kabisa mahema, taa, shoka, panga na kiberiti, kwa kuwa lori likikwama saa moja jioni hivyo ndivyo utakavyovihitaji kabla ya kingine chochote. Niliitazama orodha ya mjukuu wangu nikaona viberiti vimeandikwa mwisho. Nikamwambia hapo umepatia bila kujua.

Yeye mwenyewe, baba, alilala chini ya lori. Miaka yote ile hakulala ndani ya hema alizozisimika.

Mara moja Guku alimwuliza, nikiwa nimekaa hapo hapo shikomeni, kama ameona mbuyu fulani uliokuwa kambi yao ya tano. Alimtajia jina. Alimweleza na bonde lake, na jiwe lililofanana na ng'ombe aliyelala. Baba akafikiri sana, akasema huko wao hutumia namba. Kambi namba hii, kambi namba ile. Labda alishasimika mahema chini ya mbuyu ule, labda hakuuona kamwe. Guku akanyamaza. Jina lile la mbuyu sikulishika, nilikuwa na miaka 8 au 9, na hakuna kitu katika utoto wangu ninachokijutia kama hicho.

Mwaka 1973 serikali ilisimamisha uwindaji wa kitalii nchi nzima, ukabaki hivyo hadi 1978. Baba akaenda kwenye pamba. Msimu ukifunguka malori yalizunguka vituoni kukusanya, yakapeleka kiwandani kuchambuliwa, na robota zikasafiri Mwanza. Barabara ya Lamadi wakati huo ilikuwa ya udongo, ule udongo wetu mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Nilikuwa na miaka 11 aliponichukua safari moja, likizo ya shule. Tuliharibikiwa na springi kabla ya Lamadi, tukajikokota mpaka ufukweni usiku. Alitandika turubai juu ya robota za pamba akaniambia nilale hapo. Chini yangu pamba, juu yangu nyota, na upande wa kushoto maji yakipumua. Mvuvi mmoja alituletea ningu wawili wabichi. Baba akawabanika, tukawala kwa chumvi aliyoitoa kwenye kikopo kilichokuwa kwenye sanduku la spana. Hakusafiri bila kikopo kile. Asubuhi viboko walikuwa wamelala majini kama mawe, na mimi nikaamua kwamba siku moja nitakuja tena hapo bila gari kuharibika.

Nilirudi 1998, mwalimu, na wanafunzi 34 wa kidato cha nne kwenye ziara ya historia. Tulikuwa tumebeba turubai na masufuria ya shule. Mlinzi wa kambi moja ya watalii pale ziwani alituzuia getini. Tulikuwa na fedha za kulipia kiwanja. Alisema hapa si pa wanafunzi, hapa ni pa wageni, na akaonyesha kwa kidole malori makubwa mawili ya watalii, yale yanayozunguka Afrika na mahema yake na majiko yake ubavuni. Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi iliyo jirani, watoto wakifurahi tu, watoto hawana kinyongo. Mimi sikulala. Nilikuwa nimewafundisha wiki nzima kwamba babu zao walikuwa watu wa safari.

Mambo yamebadilika, na niseme ukweli kwamba yamebadilika kuwa mema. Mwaka 2012 mkoa wetu ulipozaliwa, sisi Bariadi, Maswa na Meatu tulitoka Shinyanga, na Busega ikamegwa kutoka Magu ya Mwanza. Kwa Busega, mkoa wa pamba na ng'ombe ukapata ziwa. Lami ikafuata. Sasa kuna viwanja vya kambi Lamadi vinavyompokea yeyote mwenye shilingi. Mtanzania akiingia Serengeti hulipa kiingilio cha raia, ila kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi na malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu, fedha taslimu hazipokelewi. Ukitaka kulala ndani ya hifadhi zipo kambi za wote, na zipo nyingine zinazokodishwa kundi moja moja kwa gharama ya juu. Sisi tutalala nje, kwa sababu ya mfuko na pia kwa sababu nataka maji.

Ndani ya mkoa jirani, upande wa Bunda, kuna jambo ambalo siwezi kuandika juu ya kambi ya ziwani nikaliruka. Serengeti kwa ukanda wake wa magharibi hukaribia sana ghuba, lakini kati yake na maji paliishi watu. Wanyama wakati wa ukame walihitaji kupita kwenda kunywa, mito ya Grumeti na Mbalageti ikiwa imebaki madimbwi, nao waliharibu mashamba na kuua. Serikali ikaamua kuwahamisha kwa fidia wakazi wa kata ya Nyatwali ili hifadhi ifike ziwani. Kwa hiyo Serengeti inakuwa kweli hifadhi ya ufukweni. Nawaelewa tembo wenye kiu. Nawaelewa zaidi watu walioacha makaburi. Ninachokitamani, na nimeshamwandikia diwani wetu wa zamani anayefahamiana na watu wa huko, ni kwamba kabla wazee wale hawajatawanyika mtu akae nao na daftari aandike majina: bandari ndogo za mitumbwi, mawe ya kufulia, miti ya mikutano, mahali wavuvi walipolala dago zao. Vinginevyo miaka 30 ijayo patakuwa na namba. Kambi namba hii, kambi namba ile.

Nimempa mjukuu wangu kazi hiyo kwa upande wetu. Nyuma ya orodha yake amechora njia ya Guku kama nilivyoikumbuka: vituo 7, vitano havina majina. Kituo cha mwisho kabla ya ziwa nakikumbuka kwa maelezo tu, mahali penye miti inayonuka asali. Tutakwenda Meatu mwezi wa 9, Mungu akipenda, tufike Makao tuwaulize wazee. Upande wa kusini zaidi sasa kuna daraja juu ya Sibiti, gari linavuka kwenda Mkalama kwa dakika moja pale ambapo zamani mtu aliupima mto kwa fimbo kabla ya kutia mguu.

Kuhusu safari ya Julai tumekubaliana haya. Hakuna kuoga ziwani, kichocho bado kipo na mamba bado wapo. Maji ya kuoga yatachotwa na kuchemshwa. Hema zifunguke upande usio na taa, maana wadudu wa ziwani hupanda usiku kama moshi na kujaa kila penye mwanga. Viberiti, tochi na panga juu kabisa. Dada yangu wa Lagangabilili ataleta michembe kilo 4, na nsansa, na mdogo wangu analalamika kwamba Coaster itanuka. Chumvi tutabeba ya kwetu, kwenye kikopo kile kile cha sanduku la spana, ninacho, kina kutu kwenye mfuniko.

Jana jioni mjukuu alikuja na swali lake la mwisho. Alikuwa amegawa michembe kwa hesabu, siku ya kwenda, siku za kukaa, siku ya kurudi, akakuta fungu moja limebaki juu.

"Hili la kurudia tunalitundika wapi, Bibi?"

Nikamwambia litabaki Dutwa, kwa wifi yangu. Tutalishusha asubuhi tukipita, na tutalikuta.